UZI: Nyumbu wa Ndutu mwezi Februari – namna ya kurudi na hadithi, siyo albamu ya wanyama waliosimama

#1 LenziMbili (mwenye uzi)

Wakuu salaam.

Picha za Serengeti zinazopandishwa humu nyingi ni safi. Fokasi iko machoni, rangi nzuri, mnyama kajaa fremu. Lakini ukitazama kumi unasahau tisa. Simba kalala, twiga kasimama, tembo anatazama gari. Ukishaiona mara moja umeimaliza.

Badala ya ushauri wa jumla, tuchukue mahali pamoja na msimu mmoja tuuchambue hadi mfupa: Ndutu (mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro), mwishoni mwa Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, nyumbu wakizaa. Ardhi ya pale ni majivu ya volkano kutoka Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Tabaka la chini ni gumu, miti haishiki, kwa hiyo uwanda wote ni nyasi fupi zenye madini mengi. Nyumbu wanazifuata ili wapate maziwa ya kunyonyesha, na kwa sababu adui anaonekana kutoka mbali. Sisi tunanufaika na hilohilo: unaona kwato, mtoto, na fisi aliye nyuma, vyote kwenye fremu moja bila majani kukuziba.

Kanuni ninayoisimamia: kabla ya kubonyeza, taja kitenzi. "Nyumbu" bado si picha. "Nyumbu anamlamba mtoto na fisi ananyanyuka" ni picha. Kitenzi pekee ulichonacho kikiwa "kasimama", shusha kamera usubiri.

Halafu angalia njeo, yaani wakati wa kitenzi. Picha ya -me- (simba amekula, damu mdomoni) imeshakwisha, mtazamaji anapokea taarifa tu. Picha ya -na- ina nguvu zaidi. Picha ya -ta- inazishinda zote, kwa sababu mtazamaji anaimalizia mwenyewe kichwani. Mtoto wa nyumbu amenyoosha miguu ya nyuma, ya mbele bado imekunjwa, anapepesuka: *atasimama?* Fremu hiyo inamshinda mtoto aliyekwisha simama vizuri.

Ili upate -ta- lazima ujue tabia. Jike anayekaribia kuzaa hulala, huinuka, huzunguka palepale, hulala tena, mkia umeinuka. Baadaye kwato mbili za mbele zinachungulia. Wengi huzaa asubuhi. Mtoto akidondoka husimama ndani ya dakika chache, mara nyingi sita au saba, kwa hiyo huna muda wa kuanza kutafuta kadi. Simama mita 60 au zaidi, zima injini, kaa kimya. Jike anaweza kuusitisha uzazi akihisi hatari, mradi kichwa cha mtoto hakijatoka. Akiinuka na kukukazia macho, umesogea mno: rudi nyuma taratibu, usimzunguke.

Karibuni kwa nyongeza na marekebisho.

---

#2 Sele_Mwanza

Uzi mtamu mkuu. Swali la mwanafunzi: nina kamera ya Canon 250D na lenzi ya mm 55-250. Wenye lenzi za mm 600 ndio wanaoweza hayo yote, au hata sisi?

---

#3 MfukoWaMchele

@Sele_Mwanza unaweza kabisa. Kihisi (kipande kinachopokea mwanga) cha 250D ni kidogo, kwa hiyo mm 250 yako inaona kama mm 400 kwenye kamera ya fremu kamili, ile yenye kihisi kikubwa. Kwa hadithi, huo ni urefu mzuri kuliko 600. Mwenye 600 anashawishika kukata kila kitu abaki na uso, fisi anatupwa nje ya fremu na hadithi inaondoka naye.

Kinachowaangusha wengi ni kimo cha kamera, na hapo fedha haihusiki. Watu wanapiga wakiwa wamesimama, vichwa vimetoka kwenye paa la Land Cruiser. Fanyeni hesabu. Kamera iko mita 2.5 juu ya ardhi, kichwa cha nyumbu mita 1, umbali mita 15. Mstari wa jicho ukipita kichwani unagonga ardhi mita 10 tu nyuma yake. Usuli wako (kilicho nyuma ya mnyama) ni nyasi za karibu, zenye makali, zinazogombana na pembe. Sasa kaa chini, pigia dirishani, kamera mita 1.5. Mstari uleule unagonga ardhi mita 30 nyuma ya mnyama. Usuli unalainika, upeo unaingia, mnyama anasimama badala ya kuonekana kabandikwa chini. Lenzi ileile, f (uwazi wa lenzi) ileile.

Dirishani utahitaji mfuko wa kuegemezea. Kata mguu wa jinzi kuukuu, sentimita 35 hivi, shona upande mmoja, mwingine tia zipu au kamba. Usisafiri nao umejaa. Pita sokoni Karatu, ndio mji wa mwisho kabla ya lango la Ngorongoro, nunua kilo 2 za mchele au maharage. Jaza robo tatu tu. Ukiushindilia unakuwa jiwe, lenzi inateleza. Ukiwa legevu unaukalia mlango kama mkeka. Siku ya kuondoka, mchele unapikwa.

Na injini izimwe. Mtetemo wa dizeli unapanda kwenye mlango, unapita kwenye mfuko hadi kwenye lenzi, na kitulizi cha lenzi hakiumalizi wote. Vilevile watu watano ndani ya gari wakihamahama ni tetemeko dogo. Kubalianeni neno moja, "tulia", likitamkwa kila mtu anaganda.

---

#4 Mazigazi

Naongezea mwanga, maana watu husoma "saa ya dhahabu" (mwanga laini wa asubuhi na jioni) kwenye makala za Ulaya wakaja nayo hapa.

Sisi tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima. Ndutu mwezi Februari linachomoza karibu saa 12:45 asubuhi. Saa 2 kamili limeshafika nyuzi 18 hivi, saa 3 limepita 30. Mwanga mlaini wa pembeni haudumu zaidi ya dakika sitini. Kama kambi inatoa kifungua kinywa saa 1, omba kifungashio, chai mtanywea porini.

Baada ya saa 4 anaingia adui ambaye hakuna lenzi inayomshinda: mazigazi, yaani joto linalochezacheza juu ya ardhi. Dalili yake ni hii: picha ya mita 150 imefifia na kupindapinda ukingoni mwa mnyama, ila ya mita 20 ni kali. Watu wanapeleka lenzi kwa fundi bure. Kuongeza kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) hakusaidii, wala mfuko wa mchele. Dawa ni kupunguza umbali, au kukubali kuwa muda huo unafanya kazi nyingine. Angalia pia usipigie juu ya boneti yenye moto. Hayo ni mazigazi ya kujitengenezea.

Kazi nyingine ya adhuhuri ipo. Nyumbu wanapojipanga kwenye kivuli cha mgunga mmoja, mchoro wake ni mzuri kwa nyeusi na nyeupe. Picha iliyompa Michael Nichols taji kuu la shindano la Wildlife Photographer of the Year mwaka 2014, ya majike watano wa simba na watoto juu ya mwamba wa Serengeti, ni ya nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kundi lile liliitwa Vumbi, na alikuwa amelifuata karibu miezi sita. Ni simba waliolala, lakini kabla ya hapo walikuwa wamemfukuza dume mmoja. Uchovu ule una sababu, nao unaonekana.

---

#5 Karani_Tamba

Mimi na hili neno "hadithi" hatuelewani vizuri.

Likitumiwa ovyo linafungua mlango wa uongo. Nyumbu amesimama karibu na mzoga, maelezo yanaandikwa "mama anaomboleza mwanawe". Umejuaje kuwa ni mama yake? Tena "fisi mwizi". Mtafiti wa wanyama Hans Kruuk alionyesha tangu miaka ya 1960, kwenye kreta ya Ngorongoro, kwamba fisi wanajiwindia sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kuwapora. Picha ya fisi wamezunguka simba anayekula, maelezo yake ya kawaida ni "fisi wakisubiri makombo". Huenda fisi ndio waliouangusha huo mzoga. Kama hukuona mwanzo, andika ulichoona.

Yapo mabaya kuliko maelezo. Shindano hilo alilolitaja Mazigazi liliondoa picha iliyoshinda taji kuu la 2009 baada ya waamuzi kuona kuwa mbwamwitu aliyeruka lango huenda alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 wakaondoa nyingine, ya mla-mchwa wa Brazili, waliyeamini ni mnyama aliyekaushwa na kujazwa. Zote mbili zilikuwa na "hadithi" tamu mno.

Kwa hiyo ninavyofanya mimi ni vitu vinne kwenye maelezo: spishi, mahali kwa upana, mwezi na mwaka, na kilichotokea mbele ya macho. Nasema mahali *kwa upana* kwa makusudi. Ukiwa na faru, zima kabisa alama ya mahali kwenye simu na kwenye faili kabla ya kupandisha. Jangili naye anasoma mtandao.

---

#6 LenziMbili

@Karani_Tamba umenena, nalipokea lote. Kitenzi nilichokitaka ni kile kinachoonekana. "Analamba" unakiona. "Anaomboleza" umekitia wewe.

Sasa mipangilio, watu wananiandikia pembeni.

Nyumbu ni mweusi-kijivu, na kamera hupenda kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Akijaa fremu, kamera inamwangaza kupita kiasi, unapata mnyama wa majivu na anga lililoungua. Punguza mwanga -0.7. Mtoto ni kahawia mwepesi, kwa hiyo akiwa mbele ya ubavu wa mama anajitokeza mwenyewe. Msubiri apite hapo. Yangeyange mweupe akijaa fremu, kinyume chake: +0.7 hadi +1, ila chungulia histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) isigonge ukuta wa kulia. Piga RAW, yaani faili ghafi.

Mtoto anajaribu kusimama: kasi ya shata 1/1000 yatosha. Wanakimbia: 1/2000. Mwanga ukiwa hafifu pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 3200 bila woga. Chembechembe zinasafishika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haina tiba.

Uwazi wa lenzi ndipo watu wanapojinyima. Wanafungua f/4 muda wote kwa sababu usuli unayeyuka. Kwa mm 400, mnyama akiwa mita 60, f/4 inakupa kina cha ukali (eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali) cha kama mita 5 na nusu. F/8 kama mita 11. Mama na mtoto wakiwa wamepishana kwa mita kadhaa, f/4 inaweza kumwacha mmoja nje. Na fisi aliye mita 25 nyuma yao, kwa f/8 bado atakuwa laini, lakini masikio ya mviringo na mgongo ulioteremka vinasomeka. Kwa hiyo usuli ukiwa mhusika, funga lenzi. Ukiwa takataka, fungua.

Fokasi weka kwa mtoto. Fisi usimfukuzie fokasi hata akisogea. Mtu akitazama picha ataanza kwa mtoto mkali, kisha jicho lishuke nyuma ligundue umbo. Kugundua kwenyewe ndiyo raha.

---

#7 Loita_Boi

Salamu kutoka upande wa Masai Mara, Kenya, ndugu zangu.

Hiyo -ta- ukiileta kwenye mto Mara utaona watu wanavyoikosa. Kila mtu anangoja nyumbu aruke, anapata povu na miguu, picha moja na ya jirani. Geuzeni lenzi dakika ishirini kabla. Kundi liko ukingoni, wa mbele amenusa maji na kukwama, walio nyuma wanasukuma, vumbi linapanda. Hapo piga pana, mm 70 hadi 100, shingo zote zikitazama upande mmoja. Na gari lisiwe kwenye njia yao ya kuteremkia. Magari yakiziba, kundi linageuka, na kila mtu anakosa.

Halafu duma. Utafiti uliochapishwa 2018 kutoka Masai Mara ulikuta majike walio kwenye maeneo yenye utalii mwingi walikuza wastani wa watoto 0.2 kwa uzao, dhidi ya 2.3 kwenye maeneo yenye utalii mdogo. Sifuri nukta mbili! Duma huwinda mchana, ana macho yetu juu yake kutwa nzima. Kule Mara kanuni ni magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja. Yakifika matano, nenda. Hakuna -ta- ya maana ndani ya duara la magari kumi na mbili. Wote wamepiga duma anayetazama matairi.

---

#8 Binti_Mbulu

Loita kasema la magari, niseme la njia. Ndutu imekaa mpakani. Upande wa Hifadhi ya Ngorongoro magari huruhusiwa kuacha njia msimu huo, kwa masharti. Ukivuka kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, unabaki barabarani. Porini hakuna ukuta wa kukuonyesha. Muulize dereva *kabla* ya kumwambia "sogea kidogo", maana faini na lawama vinamwangukia yeye. Drone usibebe bila kibali, kwenye hifadhi zote mbili.

Na zungumza na dereva asubuhi, siyo mkishafika. Mwambie: "Leo hatufuati chui wa redio, tunakaa na nyumbu." Bila hivyo redio ikiita anageuza gari, maana ndivyo wageni wengi wanavyotaka. Mweleze pia unataka jua liwe wapi. Asubuhi jua mgongoni kwa rangi na manyoya. Jua likiwa ubavuni unapata umbo. Likiwa mbele yako, vumbi linawaka.

Vumbi linalowaka ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kundi likitembea jioni, gari liwe upande wa mashariki yao, mtazame jua. Punguza mwanga -1 hadi -1.7, mpaka nyumbu wawe vivuli na vumbi libaki dhahabu. Hapo usikubali wagusane. Nyumbu watano waliogandana ni boga moja jeusi. Subiri nafasi ya anga kati ya pembe na pembe. Miale ya jua ikipiga kioo cha lenzi, weka kiganja juu ya lenzi kuikata.

Kama unataka mwendo, pitisha kamera pamoja nao kwa 1/30 hadi 1/60, f/11 au f/16, ISO 100, kabla jua halijapanda juu sana. Zungusha kiuno, siyo mikono, na uendelee kuzungusha hata baada ya kubonyeza. Ukisimama ghafla fremu ya mwisho inakatika. Kwato zitafutika, kichwa kinatakiwa kibaki. Ukipata mbili nzuri katika hamsini umepata.

La mwisho: vumbi la pale ni la volkano, linakwaruza. Funika kamera kwa kanga yenye unyevunyevu kati ya kituo na kituo, lakini kioo cha lenzi usikifute kwa kanga. Puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha kitambaa cha lenzi. Kubadilisha lenzi: madirisha yamefungwa, kamera imezimwa, mdomo umetazama chini.

---

#9 Sele_Mwanza

Nimewasoma wote, ahsanteni. Nimeandika mpangilio wa picha nane kabla ya safari. Naomba mnikosoe: (1) kundi kwa mbali alfajiri, (2) uso wa nyumbu, (3) jike amelala, kwato zimechungulia, (4) mtoto amesimama, (5) mtoto ananyonya, (6) fisi, (7) fisi wanakimbiza, (8) fisi wanakula.

---

#10 LenziMbili

@Sele_Mwanza umeanza vizuri kwa kupanga, ila ungeniruhusu ningekata hivi.

(2) itupe. Uso mtupu haumjulishi nani ni nani. Weka jike *wako*, mwenye alama: pembe iliyovunjika, kovu begani, sikio lililochanika. Mtazamaji akimkuta tena picha ya tatu, anamtambua. Bila hilo una nyumbu wanane wasiofahamiana.

(4) iwe *anajaribu* kusimama. (5) ibaki, ni pumzi.

(6) fisi usimpige peke yake. Arudishwe ndani ya (5): mtoto ananyonya, fisi yuko nyuma, laini. Umeokoa nafasi moja, na hofu imeingia bila kelele. Nafasi hiyo mpe kitu kidogo cha karibu: kondo la nyuma likining'inia na tumbusi ametua hatua tatu kando, au nyayo za mtoto kwenye tope zikiwa ndani ya za mama. Simu yako inaweza kupiga hiyo ya nyayo mkiwa mmeegesha, pale tu mnaporuhusiwa kushuka.

(7) jiandae isitokee. Asubuhi nyingi fisi anatazama, anakata tamaa, anaondoka. Hapo (8) yako inakufa, na ukiwa umejifunga nayo utazunguka kutwa ukitafuta mzoga wa nyumbu mwingine uuunganishe na jike wako, kosa lilelile la Karani_Tamba. Andika miisho miwili leo. Mwisho A: mtoto amepatikana. Piga pana, jike amesimama mbali, bila kusema analia. Mwisho B: fisi anapotea upande wa kushoto wa fremu, mama na mtoto wanaingia kundini upande wa kulia, kati yao nyasi tupu.

Kwa B utahitaji upana, kama mm 55 hadi 100 kwenye lenzi yako, na fisi na nyumbu wasikatwe na ukingo. Acha nafasi mbele ya pua ya kila mmoja. Betri mbili zilizojaa, kadi ya GB 64 iliyofutwa usiku wa kuamkia safari. Mchele ni Karatu, usisahau zipu.